Ndila Nzomo, Mama wa Buibui wa Kalama

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Bi. Ndila Nzomo, afisa wetu wa nyanjani wa zao la pamba, anastaafu tarehe 30 Juni. Wengi wetu tulimkuta hapa kituoni, na kusema kweli hatujui bado tutakaaje bila yeye.

Alianzia Masii, kisha akahamishiwa Kalama, na huko ndiko alikopewa jina la mama wa buibui. Kila alipofika shambani alitandaza shuka jeupe chini ya mipamba, akaitikisa, akawaita wenye shamba wajionee walioanguka: viwavi na vidukari wanaoharibu zao, na buibui pamoja na wale wadudu wekundu wenye madoa meusi wanaowala waharibifu. Baadhi yao walirudi naye ofisini bila kualikwa. Dereva wetu Bartholomew aliwahi kusimamisha gari ghafla baada ya mmoja kumtembea shingoni, na tangu siku hiyo mkoba wa Ndila ulikaguliwa kabla ya safari.

Kazi yenyewe haikuwa mzaha. Kalama walipiga dawa kwa mwethya, kikundi cha kusaidiana kazi kwa zamu, majirani wakizunguka shamba kwa shamba na bomba moja. Hakuna shamba lililorukwa, hata lisilo na viwavi vya kutisha, maana kumruka mtu ni kumtenga. Dawa iliwaua buibui pia. Wiki chache baadaye vidukari walijaa bila wa kuwala, majani yakajikunja, na watu wakapiga dawa tena. Ndila aliumia sana.

Mwaka mmoja alikuta shamba la Mzee Onesmus Mulwa lina buibui tele na viwavi wachache, akaomba lisipigwe dawa. Mzee alikataa katakata. "Mkiruka shamba yangu, watu watasema nimefukuzwa mwethya," alimwambia mbele ya wote. Ndila hakubishana. Aliomba majirani waje siku ya zamu ya mzee kama kawaida, ila waache bomba nyumbani, waokote viwavi kwa mikono. Naye akainama nao mpaka mchana. Vitumba kadhaa viliharibika, hatudanganyi, lakini vidukari hawakusumbua, na msimu uliofuata wengine wakaomba zamu ya namna hiyo.

Mzee Onesmus alifariki mwaka jana, pamba yake ikiwa na vitumba. Asubuhi ya mazishi mwethya ulipita kwanza shambani mwake ukaokota viwavi, ndipo ukaenda kuchimba kaburi. Hakuna aliyewatuma. Ndila alilia, nasi tulilia.

Sasa anarudi kwao Kola, humo humo Kalama, kulima pamba yake mwenyewe mvua ikinyesha. Miaka yote alihudumia zamu za wengine akiwa afisa, si mwanachama. Wiki iliyopita wanamwethya walikutana wakamwingiza.

Asante kwa yote, dada yetu. Tunakuombea afya na miaka mingi ya furaha. Shamba lako halitarukwa.