Sista Kitasa, Mkaguzi wa Milango ya Watoto Wetu

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, muuguzi mshauri wa vijana anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika kliniki hii. Kalamu ni ya karani wa mapokezi. Maneno ni yangu mimi, bibi wa usafi, ambaye darasa nimelijua kwa kulipiga deki tu.

Sista alianzia chumba cha sindano, akahamia wodi ya watoto, kisha akapewa chumba namba sita, wakati huo stoo ya magodoro mabovu. Tuliyatoa sisi wawili, yeye kichwani, mimi miguuni, kama tunahamisha wagonjwa. Tangu hapo vijana huingia humo wamenuna na hutoka wakiulizia wiki ijayo. Sista hamkodolei kijana macho. Humpa rundo la bandeji wakunje pamoja, maana mikono ikishughulika, ulimi hulegea. Hatujawahi kukosa bandeji zilizokunjwa, ingawa nyingine hukunjwa kama barua za mapenzi.

Sasa nitasema la nyumbani kwangu. Mjukuu wangu mwenyewe ameniruhusu.

Alikuwa na miaka kumi na mitano. Akawa anasinzia mezani, macho mazito, maneno yanaburuta. Nikahisi ni dawa za kulevya. Nami, mjuaji nisiyeuliza, nikachukua kipimo kabatini hapa kliniki, nikamvizia mkojo, nikachovya. Ukatokea mstari mmoja mwekundu. Nikamkimbilia Sista nikilia kwamba mtoto ameshakwisha. Akakigeuzageuza, akaniuliza nimekitoa kabati lipi. Kumbe nilikuwa nimempima mimba! Akasema basi tushukuru, mimba hana, na sasa tuache kumwibia mtoto mkojo, tumuulize. Siku ile hakucheka. Alicheka wiki iliyofuata, mpaka chai ikamwagika.

Sista na mtoto walikunja bandeji alasiri tatu. Nilideki korido mpaka sakafu ikanichoka, sikuambulia neno. Mlango wa Sista hauvuji. Siku ya nne mtoto akaniambia mwenyewe: ni vidonge vya usingizi, alivipata kwa rafiki. Tangu mama yake afariki, alikuwa halali.

Mjomba wake, mwanangu, akaja juu. Alishapata nyumba ya kurekebisha vijana: miezi sita, wananyolewa, hakuna simu. Gari lingemchukua Jumatatu. Sista akaomba asubiriwe, akaenda kupaona siku yake ya mapumziko, mimi nyuma yake. Wenyeji wakatuonyesha bustani. Yeye akaenda moja kwa moja kwenye milango. Vitasa vyote vilifungwa kwa nje. Akauliza daktari yuko wapi, wakamwonyesha mlinzi. Tukaondoka, na jina lake la Kitasa likazaliwa pale getini. Jioni alimweleza mwanangu, polepole kama anamtoa mwiba, kwamba kuacha vidonge vile ghafla kungeweza kumtia mtoto degedege, na kwamba kumfungia mtu si kumtibu. Mwanangu ni mbishi, alizaliwa akitanguliza miguu. Lakini safari hii alichukua simu, na gari likarudishwa.

Sista akakagua pengine, napo hapakufaa. Mahali pa tatu ndipo palipofaa: kituo cha mchana, daktari wa kweli wa kupunguza dozi kidogo kidogo, mshauri wa wafiwa, na kikao cha familia kila Alhamisi. Mimi nilikwenda kumsema mtoto, nikasemwa mimi. Mtoto alisema tangu tumzike binti yangu, mama yake, sikuwahi kulitaja jina lake ndani ya nyumba. Ilikuwa kweli. Tulilia wote watatu, hata yule mbishi.

Mwezi wa nne wa matibabu mtoto aliteleza mara moja, akameza kidonge. Mjomba akaanza yake ya “si niliwaambia?” Sista akamjibu kwamba kidonda kikitoneshwa hufungwa upya, mguu hautupwi.

Leo ni mwaka mmoja na miezi minane, hajagusa kidonge. Na si yeye peke yake: Sista anatuachia daftari la vituo kumi na vinne alivyovikagua kwa miguu yake, na muuguzi anayempokea ameapa hatampeleka mtoto mahali ambapo hajapaona mwenyewe.

Sista, wafanyakazi wote tunakushukuru. Nenda ukalale mpaka jua likuchome, ule chakula cha moto, na ole wako tukuone huku umevaa sare. Mungu akupe miaka mingi yenye magoti mazima.

Mjukuu wangu anakuomba radhi, kwenye sherehe hatakuwepo. Ijumaa saa tatu, wewe ukifungua zawadi, yeye atakuwa ameinamia karatasi ya mtihani wa kumaliza shule.