Zulia la Mkaguzi

Mbele yangu kwenye basi, mama mmoja fundi cherehani alikumbatia zulia lililokunjwa, ncha yake ikinigonga pua kila tulipokata kona. Kando yake alikaa dereva mstaafu wa malori. Hawakujuana, ila mama alikuwa keshafungua moyo.

"Binti yangu aliomba nafasi ya kusomea ufundi wa umeme ng'ambo," alisema. "Ni mpango wa vijana wa familia zisizojiweza. Wakasema watamtuma mtu aje aone hali ya nyumbani."

"Akaja?"

"Akaja. Sasa mzee wangu, mgeni atoke mbali kote huko, nimkalishe kwenye ndoo? Nikaazima makochi kwa jirani, mapazia kwa wifi, televisheni kwa shemeji. Friji ilibebwa na wanaume wanne."

"Ikagandisha?"

"Umeme tutoe wapi?"

"Na majibu?"

"Barua ikasema familia yetu inajiweza."

Mzee alikohoa kwa muda mrefu kuliko kikohozi kinavyohitaji. Mimi niligeukia dirishani, maana kucheka shida za watu uliowategea sikio si adabu.

"Binti amekata rufaa," mama aliendelea. "Mkaguzi anarudi kesho. Kaniapisha nisiazime hata kijiko, na vyote nimerudisha. Nyumba tupu, ukiongea inakujibu."

Mzee alilitazama zulia. "Na hili, mama?"

Basi likasimama. Mama aliinuka, akalitupia begani.

"Yule mtu ana heshima zake, alivua viatu mlangoni. Unataka akanyage udongo?"