Ahsante ya Dereva

Shona, mfanya usafi wa maofisini, alikuwa ndani ya basi la asubuhi mjini Edinburgh. Kwenye kiti cha mbele yake, watu wawili wasiojuana walikuwa wakibishana juu ya watu kama yeye: wanawake waliozaliwa wakaitwa wavulana.

"Binti, kwenu kuna vyoo vitano, ndiyo maana huoni shida kutumia choo kimoja nao," alisema mama mwenye mkufu wa lulu. "Mwanamke maskini akiogopa, akimbilie wapi?"

"Maskini gani unayemjua wewe, mama? Anayekupigia deki?" msichana wa chuo alimjibu. "Ninaowatetea mimi ndio maskini kabisa!"

"Ulishawahi kula nao?"

"Wewe je?"

Shona akavuta skafu hadi midomoni, akiomba wasigeuke kumuuliza. Sauti yake nzito ingemfichua. Mmoja angepiga kelele, mwingine angemkumbatia mbele ya abiria wote, na hakujua lipi lingemtisha zaidi.

Kituo chake kikafika. Katika mji ule hushuki kwenye basi bila kumshukuru dereva. Hata walevi hushukuru. Waliomtangulia wote walisema ahsante. Shona akafungua mdomo, akaufumba, akashuka ameinamisha kichwa.

"Umemwona yule?" alimsikia mama nyuma yake. "Hata ahsante hana!"

"Watu wengine hawakufunzwa adabu," msichana akaitikia.

Mlango ukajifunga. Hatimaye walikuwa wamekubaliana.