Mzee Taratibu, Aliyeufundisha Muziki Kunyamaza

Tarehe thelathini mwezi huu, fundi mitambo wetu anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika redio hii. Jina lake halisi liko kwenye jalada ofisini. Sisi tunamwita Mzee Taratibu, na hata mkewe akipiga simu huuliza kama Taratibu ameshakula.

Alianza kwa kukunja nyaya na kupanda mnara. Enzi hizo mtangazaji alishika karatasi ya habari kwa mkono mmoja na kushusha muziki kwa mkono wa pili, na mara nyingi alisahau, wasikilizaji wakaambulia ngoma nyingi na habari nusu. Taratibu akaunda saketi yake ya kwanza ndani ya mkebe wa biskuti. Inasikiliza kipaza sauti: mtu akianza kusema, inaubana muziki ushuke, akinyamaza, inauachia. Kushuka kuwe haraka, alituambia, lakini kupanda kuwe taratibu, maana muziki unaorudi kwa pupa unamkata mtu kauli. Jina likamganda hapo.

Saketi ya pili aliitengeneza kwa ajili ya mtangazaji wetu wa michezo, ambaye goli likiingia majirani humsikia bila kuwasha redio. Hiyo inaacha maneno ya kawaida yapite yalivyo, ila sauti ikivuka kiwango, inapunguza ile ziada. Mwenyewe hadi leo analalamika kwamba ameonewa.

Kisha mimi, mtangazaji wa asubuhi, nikaugua koo. Baada ya upasuaji nilirudi na sauti ya kunong'ona, na wakubwa wakaniuliza, kwa upole wote, kama nisingependa kuhamia mapokezi. Naipenda kazi hii kupita kiasi. Nilijifungia chooni nikalia. Taratibu aliomba apewe wiki moja tu. Akairekebisha ile saketi ya kwanza iamshwe na sauti ndogo kuliko awali, na muziki ukaanza kunipisha hata nikinong'ona.

Tatizo, sasa ulimpisha kila mtu. Kiti kikilia, muziki unashuka. Kikombe kikigusa meza, unashuka. Wasikilizaji wakapiga simu kuuliza nyimbo zetu zimepatwa na kwikwi gani. Angeirudisha saketi ilivyokuwa, nami ningekwenda zangu mapokezi. Badala yake alitandika blanketi mezani, akampokonya mtangazaji wa michezo bonge lake la funguo mlangoni, akakitia kiti mafuta. Tangu hapo, kila Jumatatu kabla ya kipindi, hukitia mafuta yeye mwenyewe, na mimi bado niko hewani.

Sitaficha kwamba habari ya kustaafu kwake ilinitia hofu. Saketi itabaki, lakini kiti kitalia tena, na nani atajali? Jumatatu iliyopita nilipofungua mlango wa studio, nilimkuta amepiga magoti na kichupa cha mafuta. Pembeni yake alikuwa amepiga magoti mtangazaji wa michezo, anafundishwa, kimya kabisa. Funguo zake alishaziacha nje.

Asante, Taratibu, kwa niaba yetu sote. Kapumzike na mama, mle kwa wakati, na siku zenu ziwe njema na ndefu. Asubuhi ukiwasha redio na kusikia muziki unashuka, ujue ni mimi, naanza kusema.