Bi Kimya na Milio ya Kona

Kabla sijasema lolote juu ya Bi Kimya, ni haki msomaji ajue anayeandika ni nani. Mimi ndiye mtunza stoo ya vipuri katika karakana ya hospitali yetu. Wote huniita Mjomba, hata walionizidi umri, na katika miaka thelathini na mmoja ya utumishi wa mstaafu wetu hakuna mlio mgumu wa gari uliopatikana bila mimi kuwamo. Ulizeni. Wahariri wa jarida hili wangeweza kumpa karani kazi hii ya kuandika, lakini wanajua kwamba habari za karakana haziandikwi na mtu asiyejua harufu ya grisi. Shule niliiacha mapema, niliona inanichelewesha.

Bi Kimya anastaafu tarehe thelathini ya mwezi huu. Alikuja kwetu msichana mwembamba, akapewa kazi ya kuziba pancha, kazi ambayo wenzake waliidharau. Yeye hakuidharau. Alisema gurudumu ni mdomo wa gari, na ukikaa karibu na mdomo utasikia mengi. Haukupita muda akahamishiwa sehemu ya mbele ya magari, yaani stelingi, ekseli na vyote vinavyolalamika dereva anapokata kona. Hapo ndipo alipokaa mpaka leo, akakataa vyeo viwili, kimoja kwa sababu kingemfanya avae viatu vya kisigino.

Jina la Bi Kimya halikutokana na ukimya. Mwenyewe anaongea tangu geti linapofunguliwa, na akiwa chini ya gari utadhani gari lenyewe ndilo linalosimulia visa vya wifi yake. Jina lilitokana na amri yake. Likija gari lenye mlio wa kona, hakuna kufungua boneti. Kwanza redio inazimwa, vioo vinashushwa, fundi bati anaweka nyundo chini, na uwanja mzima unatulia kama darasa lililomwona mwalimu mkuu. Ndipo gari linazungushwa polepole, kushoto mpaka mwisho, kisha kulia mpaka mwisho, naye akitembea ubavuni ameinama. Hata paka wa stoo alijifunza kukaa.

Akisikia ta-ta-ta-ta dereva anapokata kona huku anakanyaga mafuta, alikuwa anakwenda moja kwa moja kwenye kiungo cha ekseli, na mara nyingi alikuta mpira wake umechanika na grisi imetapakaa ndani ya rimu. Stelingi ikiguna pale inapofika mwisho, aliuliza mafuta ya stelingi yaliangaliwa lini, na dereva akaangalia viatu vyake. Mngurumo wa kuendelea, ambao unapanda gari likiyumba upande mmoja na kushuka likiyumba upande wa pili, huo alisema ni beringi, na siku moja aliutambua kabla gari halijaonekana. Nakwambia alikuwa anakunywa chai. Akaniambia nitoe beringi ya mbele ya kulia. Gari lilipoingia getini, beringi ilikuwa mezani imefutwa vumbi, na chai ya dereva nayo ilikuwa imeshamiminwa na kupoa. Wanaobisha hawakuwepo.

Kuna daktari wa watoto ambaye gari lake lilikuwa linagonga kila kona. Alikuwa amezunguka gereji za mjini na kubadilishiwa bolijointi, vile viungo vya magurudumu ya mbele, pande zote mbili, mlio ukabaki palepale. Bi Kimya alilizungusha mara moja tu, akasimamisha, akaingiza mkono chini ya kiti cha mbele na kutoa kopo la maziwa ya mtoto. Lilikuwa linabingirika kushoto na kulia kama abiria aliyekosa pa kukaa. Mtoto mwenyewe mwenye kopo, daktari alipokumbuka vizuri, alikuwa ameshaanza kunyoa ndevu.

Lakini jambo ambalo halitasahaulika hapa ni la basi dogo la wafanyakazi, lile linalowaleta wauguzi wa zamu. Lilianza kutoa mlio mmoja mkali kwenye kona, tang! kama mtu aliyepigwa sufuria kisogoni. Wauguzi wakalalamika kwamba dereva anapiga kona kama anafukuzwa na nyuki na kwamba ipo siku atawapindua. Basi likaletwa karakana. Fundi breki akaliendesha, kimya. Akaliinua kwa jeki, akatikisa kila kinachotikisika, hakuna kitu. Akaandika kwamba gari ni zima.

Sasa, gari likiwa zima, mgonjwa ni dereva. Meneja wa usafiri, ambaye si mtu mbaya ila ana barua nyingi mezani, akasema malalamiko yakiendelea mpaka mwisho wa wiki, dereva ataondolewa kwenye usukani na kupelekwa getini. Kwa mtu aliyeendesha miaka mingi bila kugonga hata kuku, kukabidhiwa filimbi ya geti ni kama kuvuliwa shati sokoni. Alikuja karakana amenyong'onyea, akasimama mbele ya Bi Kimya na kofia mkononi.

"Dada," alimwambia, "nisikilizie wewe. Kama ni mkono wangu mbaya, uniambie wewe, nisiambiwe getini."

Bi Kimya hakugusa gari. Alimuuliza jambo moja tu ambalo sisi wote tulikuwa hatujaliuliza: tang hiyo anaisikia akiwa na watu au akiwa peke yake? Dereva akafikiri, akasema akiwa peke yake hajawahi kuisikia. Ni asubuhi tu, basi likiwa limejaa.

"Basi tatizo si mkono wako," akasema Bi Kimya. "Twende tukatafute watu."

Ndugu zangu, siku hiyo hospitali ilikaribia kulala njaa. Alikwenda jikoni akatoka na wapishi wenye aproni zao, mmoja bado ameshika mwiko. Akapita kufulia, akakusanya waliokuwepo, wakaacha mashuka majini. Akamtoa mhasibu kwenye hesabu zake na fundi breki kwenye maneno yake. Mwisho akagonga mlango wa meneja wa usafiri, akamwambia naye ni mtu, apande. Mimi nilitengewa kiti cha mbele kushoto, kiti cha heshima. Aliniambia, "Mjomba, kaa hapo, usiongee." Nikakaa.

Basi likaanza kuzunguka uwanja. Bi Kimya anatembea ubavuni, sikio limeelekea gurudumu la mbele. Simu ya meneja ikalia. Bi Kimya akanyoosha mkono dirishani bila kumtazama, na meneja akaikabidhi kama mwanafunzi aliyekamatwa na karanga. Tukazunguka tena, dereva anakata kulia mpaka mwisho, jasho linamtiririka, midomo inacheza kama anayesali.

Tang!

Mpishi akadondosha mwiko. Dereva akafunga macho. Bi Kimya akaamuru basi lisimame na mtu yeyote asishuke. Akapiga magoti, akapitisha mkono nyuma ya gurudumu la kushoto, akaweka kiganja kwenye springi, kisha akamwambia dereva azungushe usukani taratibu. Ikalia tena, na safari hii tuliuona mkono wake ukishtuka.

"Inaruka," akasema. "Inaruka kama mtoto tumboni."

Ilipofunguliwa, springi ilikuwa imevunjika chini kabisa, kipande cha urefu wa kidole kimejificha ndani ya kikombe ambacho springi hukalia, kimefunikwa na tope. Basi likiwa tupu au likiwa juu ya jeki, vipande vilikutana vizuri kama havijawahi kugombana. Ni uzito wa watu pamoja na kona ndio uliovitenganisha. Siku moja ncha ile ingeweza kutoka na kuchana tairi, na wauguzi wakiwa ndani. Mimi nilisema palepale kwamba ni springi, ingawa wapo wanaodai nilisema baada ya kuonyeshwa.

Meneja alishuka, akampa dereva mkono mbele ya wapishi wote na kumwomba radhi kwa sauti ya kusikika. Kisha akaomba simu yake. Dereva yule yuko kwenye usukani mpaka leo, na ndiye atakayemrudisha Bi Kimya nyumbani siku ya mwisho. Nasikia Bi Kimya mwenyewe ameomba wapite barabara yenye kona nyingi.

Sehemu ya mbele tunamwachia fundi breki, ambaye tangu siku ile huuliza kwanza gari lilikuwa limebeba nini. Bi Kimya, umetufundisha kunyamaza, na karakana yenye mafundi kumi na wawili wanaojua kunyamaza si jambo dogo. Asante kwa kila gari lililorudi na watu wake wote. Wajukuu wakuchokeze, wifi yako akupe visa vipya, na kila kona iliyobaki mbele yako uikate bila mlio. Tunakupenda, tunakuombea heri, na kiti chako cha chai hatakikalia mtu.

Kwa upande wangu, naona niseme jambo moja kabla wengine hawajalisema ukumbini siku ya kumuaga. Miaka yote hiyo niliamini Bi Kimya ananiita kwenye kiti cha mbele kwa ajili ya masikio yangu. Mwaka jana daktari wa presha aliniambia nipunguze uzito, nikapungua, mkanda ukaingia matundu matatu. Likaja gari la wagonjwa lenye mlio, nikaitwa, nikakaa mahali pangu, nikainamisha sikio. Bi Kimya akanitazama juu mpaka chini, akaenda nyuma ya stoo, akarudi na nusu mfuko wa saruji, akanipakatisha mapajani. Tukazunguka mara moja tu, mlio ukapatikana. Baadaye nilikwenda kwenye mizani ya kliniki, na kwa kilo nilizopungua, hesabu ya Bi Kimya ilikuwa sawasawa.