Shubiri Moja ya Bafta Nyeupe

Ninyi mliopanda na kushuka milima kutoka Newala na Kitangari, mliokuja kwa lori kutoka Masasi, mapadre, walimu, majirani, na watani wetu ambao tunawaomba mzuie ndimi zenu hadi karatasi hii iishe, familia ya marehemu Isaka Nampota pamoja na familia ya Mwalimu Edmund Chihako wanawasomea maisha ya binti yao na mke wao, Theodora, kama yalivyokuwa, pamoja na jambo moja ambalo yeye mwenyewe aliagiza lisomwe mbele ya watu wote wala lisipunguzwe hata neno.

Theodora alizaliwa hapa Lulindi tarehe 12 Februari 1922, mtoto wa pili wa Isaka, seremala wa misheni, na mkewe Mabel, akabatizwa mwezi uliofuata, na waliokuwepo wanasema alizishika ndevu za padre asiziachie mpaka maji yakakauka kichwani, ndipo wazee wakajua mapema kwamba mtoto huyu akishika kitu ameshika.

Alisoma hapa hapa misheni kuanzia mwaka 1931 hadi 1935, akaishia darasa la nne, si kwa ujinga bali kwa sababu ndipo masomo ya wasichana yalipoishia, na katika miaka hiyo mwalimu mmoja alimwambia kwamba mwandiko wake unafanana na nyayo za kuku, naye alikwenda nyumbani akaandika kwa mkaa kwenye kila ubao wa baba yake, mbao za milango na mbao za majeneza, hata mwisho wa muhula akawa ndiye anayeandika majina ya wenzake kwenye daftari la mahudhurio. Tangu 1938 alifanya kazi katika hospitali ya misheni, akifua na kukunja mashuka ya wagonjwa, kazi aliyoifanya miaka minane.

Mwaka 1946 alichumbiwa na Mwalimu Edmund, aliyekuwa akifundisha Newala, na hapa ndipo mambo yalipoanzia. Vita vilikuwa vimekwisha lakini nguo zilikuwa bado shida, kitambaa kikigawiwa kwa kipimo kama dawa, na mzee Isaka alihangaika miezi mitano ndipo akapata bafta nyeupe ya kutosha gauni moja la harusi, moja tu, la pili lisingepatikana hata kwa kulia. Theodora alikuwa amekwisha kuwekwa ndani, na mwali hatoki nje kwenda kusimama mbele ya fundi mwanamume ili apimwe, kwa hiyo ilifanyika kama walivyofanyiwa mama zake wote, alipimwa kwa kamba, fundo la kwanza mabega, fundo la pili kifua, la tatu kiuno, na mwisho wa kamba ndio mwisho wa gauni, kisha shangazi yake, Bibi Emilia, akaichukua kamba pamoja na kitambaa, akapanda mlima mpaka Newala kwa fundi Abdulkadiri, ambaye kibaraza chake wote mnakijua.

Gauni lilirudi siku moja kabla ya harusi, na Jumamosi tarehe 31 Agosti 1946 Theodora alipolivaa, pindo lilikomea shubiri moja juu ya vifundo vya miguu. Gauni la pili halikuwepo, muda wa kungoja haukuwepo, akatoka nje hivyo hivyo na miguu yake ikionekana mpaka kwenye muundi, na kabla hajafika mlango wa kanisa mtani mmoja wa Kiyao, marehemu sasa, Mungu amrehemu kwa shida, akaita kwa sauti, "Bibi harusi amepandisha gauni, anavuka mto gani, na huko Newala anakokwenda hata maji ya kunywa ni ya kushukia mlima?" Watu walicheka, padre alicheka, bwana harusi mwenyewe alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha ugonjwa, na jina la Mvukamto likampata pale pale, likamfuata Newala, likamtangulia kisimani.

Wiki ya pili ya ndoa yake alikwenda kwenye kibaraza cha fundi Abdulkadiri na gauni mkononi, akamwamkia, "Shikamoo fundi," akaitikiwa, "Marahaba, bibi harusi," akasema, "Shubiri yangu iko wapi?" Fundi akasema, "Mwanangu, nilikata ilivyosema kamba." Naye akamjibu, mbele ya wateja saba, "Kamba haili bafta, mafundi ndio wanaokula." Neno hilo lilitosha. Kufikia mwezi wa Ramadhani uliofuata hakuna mwanamke wa Newala, Mwislamu wala Mkristo, aliyempelekea Abdulkadiri kitambaa bila kukihesabu pima kwa pima mbele ya shahidi, na wengi hawakumpelekea tena kabisa.

Wengine wangeridhika hapo. Theodora hakuridhika, na watu walianza kujiuliza ana nini, kwa sababu alitandika mkeka upande wa pili wa barabara, akauza mihogo ya kuchoma mkabala na kibaraza kile, kutoka Machi 1947 hadi Julia, mtoto wake wa kwanza, alipozaliwa mwezi wa Oktoba, na kila mnunuzi alimwona macho yake hayapo kwenye mihogo, yapo kwenye mikono ya yule mzee, anavyotia uzi, anavyogeuza kona, anavyobana kitambaa kwa dole gumba. Fundi alijua. Siku moja alivuta cherehani yake karibu na ukingo wa kibaraza, akageuza sindano iwe upande wa barabara, na mpaka leo watu wanabishana kama alifanya vile kwa dharau au kwa kitu kingine.

Mwaka 1948 alinunua cherehani kuukuu ya mkono kutoka kwa mama mmoja wa misheni aliyekuwa anarudi kwao, akaipata kwa korosho za misimu miwili na kwa baiskeli ya Mwalimu Edmund, ambaye tangu siku hiyo alikwenda shuleni kwa miguu na hakuwahi kulalamika mahali ambapo mkewe angesikia. Nguo yake ya kwanza ilikuwa shati la mumewe, akalifunga mkono mmoja kwa mshono imara sana, mwalimu akashindwa kuutoa mkono nje, akalivua. Shati la pili lilivalika.

Duka lake alilifungua tarehe 3 Aprili 1950, banda la miti na udongo mkabala na Abdulkadiri, na ukutani, pale ambapo macho ya anayeingia yanatua kwanza, alilitundika gauni lake la harusi. Halikuwa la kuuza. Wateja walimwuliza ni la nini, na kila mmoja alipewa jibu lake, huyu aliambiwa ni la kufukuza nzige, yule aliambiwa ni la binti mfupi atakayekuja siku moja, na Veridiana, mwanafunzi wake wa kwanza, aliyekaa naye miaka tisa, anasema kwamba mama Julia alipochoka, mgongo ukimuuma na mkono ukitaka kulala juu ya gurudumu, alilitazama lile gauni kidogo tu, kama mtu anayechochea moto, halafu gurudumu likaanza tena.

Duka lilikuwa na amri mbili. Ya kwanza, kamba haiingii, mwenye mwili aje mwenyewe apimwe na mkono wa mwanamke mwenzake, hata mwali aliyewekwa ndani alifuatwa kwao na kupimwa huko huko chumbani. Ya pili, kila gauni lilifichiwa pindo la vidole vinne kwa ndani, ili mtoto akirefuka pindo literemshwe, na kwa pindo hilo shule zikamjua, wazazi wa Kitangari walisema sare ya mama Julia mtoto anaingia nayo darasa la kwanza na kumwachia mdogo wake anapoingia la nne. Akanunua cherehani ya pili mwaka 1952, ya miguu, akamchukua Mwanakombo kuwa mwanafunzi wa pili, na mwaka 1956 akafungua duka jingine Mkomaindo, Masasi. Arthur alizaliwa 1950, Mabel mdogo 1953, wote wamelelewa katikati ya vipande vya nguo.

Sasa tunafika kwenye agizo lake. Katika Kwaresima ya mwaka 1954, shangazi Emilia, baada ya mahubiri yaliyomgusa kuliko alivyopenda, alipanda mlima tena, akaingia dukani, akawaomba wasichana watoke, ingawa Veridiana alitoka mpaka nyuma ya ukuta tu. Akaungama kwamba ile siku ya mwaka arobaini na sita, chini ya mlima, ndugu zake walimpa kuku, na kuku yule alikuwa mkorofi, na kamba nyingine haikuwepo, basi akakata kwa meno kipande kidogo cha kamba ya harusi amfunge miguu, akakata upande wa chini, kwa kuwa upande wa juu ulikuwa na mafundo na wa chini hakuona una kazi gani.

Theodora alisimamisha gurudumu kwa kiganja. Akauliza, "Kuku alikuwa wa rangi gani?"

Shangazi akasema, "Mwekundu, mwenye shingo tupu."

"Alikuwa mtamu?"

"Mwanangu, alikuwa mgumu kama kiatu."

Akashona mkono mzima wa gauni, ndipo akauliza kama kuna mwingine anayejua, akaambiwa hakuna, akasema, "Basi asijue mtu, shangazi. Nina sare za shule mbili za kumaliza kabla ya Pasaka, na hasira yangu ndiyo inayozungusha hii cherehani. Ukiniondolea leo, nitashona kwa nini?" Shangazi aliteremka mlima akiwa mwepesi, mzigo ameuacha juu.

Familia haifichi kwamba hili lilikuwa kosa, na marehemu hakulificha mwishoni. Miaka sita alijua kwamba mzee wa watu hakula bafta yake, na miaka sita alimwacha aitwe mwizi. Lakini watu wa Newala, ambao macho yao hayana pazia, waliona jambo wasiloweza kulieleza, kwamba tangu Pasaka ile mama Julia alikataa kushona kanzu. Mwanamume akija na kitambaa cha kanzu alimwambia, "Mimi kanzu siziwezi, vuka barabara," hata mashehe, hata wanakwaya waliotaka za kanisani, wote wakavushwa kwa Abdulkadiri. Wengine walisema ameota, wengine walisema amerogwa, na yupo aliyesema jambo baya zaidi, amekaa hapa mkeka wa tatu, leo asikie mwenyewe.

Maradhi yalimwanza Novemba 1959, uvimbe wa tumbo, akatibiwa Masasi, kisha Aprili mwaka huu akarudishwa hapa Lulindi, katika hospitali ile ile aliyokuwa akifua mashuka yake. Lililomsumbua kuliko tumbo lilikuwa yule mzee. Tarehe 8 Septemba alimtuma Mwanakombo amlete, na fundi Abdulkadiri, kwa umri wake, akapanda lori la korosho akaja, akaketi kwenye kigoda kando ya kitanda, akamsikiliza habari ya kamba, ya kuku, na ya ile miaka sita, tangu mwanzo hadi mwisho. Theodora alipomaliza akasema, "Kumbe hukuila, baba."

Mzee akasema, "Ningeila kwa mboga gani?"

Akaulizwa kitambaa kilichobaki kilikwenda wapi, akasema kipo, kimekaa kwenye mtoto wa meza ya cherehani miaka kumi na minne, hakukirudisha kwa sababu siku ile angekitoa mbele ya wale wateja saba wangesema mwizi huyo, na bafta ndiyo hiyo. Kisha akasema na yeye alikuwa na hasira, ila yake haikujenga duka, ilikaa tu pale ndani ya mtoto wa meza. Akashika fimbo yake, akaondoka bila kuaga. Mama Julia aligeukia ukutani, siku tatu hakuonja uji.

Veridiana ndiye aliyeona yaliyofuata, na pamoja naye soko zima, maana ilikuwa mchana kweupe. Jumatano tarehe 14 Septemba fundi Abdulkadiri alivuka barabara, mara ya kwanza tangu duka lijengwe, akasimama mbele ya ukuta, akasema, "Niteremshieni hilo." Akarudi nalo kibarazani, akatoa kile kipande, akakiunga chini ya gauni pande zote. Wanawake walikusanyika wakamwuliza anapimaje na mwenyewe hayupo, akasema hiki hakipimwi, kilichokatwa ndicho kilichopungua, nao wakakitazama na kuelewa.

Gauni lilifika hapa Jumatatu tarehe 19. Mama Julia aliomba anyanyuliwe, akaligeuza ndani nje, akaupitisha ukucha kwenye mshono wote, mzunguko mzima, akasema, "Hapa pamepinda kidogo, mwambieni," na akacheka mpaka muuguzi akaja kutazama. Akala uji. Alifariki kesho yake asubuhi, Jumanne tarehe 20 Septemba 1960, akiwa na miaka thelathini na minane, ameacha mume, watoto watatu, cherehani tano na wanafunzi kumi na mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hapa na wa Masasi, majirani wa Newala waliochota maji chini ya mlima na kutuletea bila kuombwa, walimu wenzake Mwalimu Edmund, wasichana wa maduka yote mawili, na fundi Abdulkadiri, aliyeketi hapa mbele kwa agizo la marehemu, ambaye hakula kitu cha mtu, na anayesema alikula atuletee ushahidi baada ya maziko. Shangazi Emilia naye anashukuru kwa kusamehewa, na anaomba asiletewe kuku.

Mliomuaga asubuhi mmeona kwamba amelivaa, na kwamba limefika vifundoni, na kwamba ile shubiri ya chini ni nyeupe kuliko gauni lote, kwa kuwa haikukaa ukutani.

Theodora, mama Julia, mto umekwisha kuuvuka, teremsha gauni lako, upumzike kwa amani.