Vidimbwi Viwili vya Teodora

Sogeeni karibu na redio, wasikilizaji wapendwa. Aliyebandika sufuria apunguze moto kwanza. Leo tunamkumbuka Teodora, mwanika dagaa wa Mwaloni, soko la samaki pale Kirumba, aliyezikwa Jumamosi kwao Sengerema. Malaria ndiyo iliyomchukua. Si kiharusi. Mlishike hilo: kiharusi kilimjaribu mwaka tisini na sita, kikashindwa.

Kabla ya mwaka huo mwaloni mzima ulimjua kwa mdomo wake. Viwanda vya minofu vilipofunguliwa, sangara wote wakaelekea huko, wanawake wakaachiwa mapanki, yaani vichwa na mifupa. Teodora alisimama juu ya jiwe akawauliza wakubwa: soko huria hili ni huria kwa nani? Alikuwa na sehemu yake ya kuanikia, miamba bapa karibu na maji, aliyoifagia tangu alipoolewa. Wakala mmoja wa kiwanda aliitamani aegeshe magari yake ya barafu. Teodora alimshauri hiyo barafu aiweke kichwani, labda itampoza.

Halafu asubuhi moja beseni likamponyoka. Mkono wa kulia ukafa ganzi, mguu ukafuata, na mdomo ule ukabakiwa na neno moja tu: "hii". Akiamkiwa, "hii". Akitaka maji, "hii". Na ndani alikuwa anaelewa kila kitu. Hapo ndipo palipomuuma.

Wanawake wa mwaloni wakachanga, akapelekwa Nairobi kupigwa picha ya ubongo. Nairobi, wasikilizaji! Minofu yetu inapanda ndege hapa hapa Mwanza kwenda Ulaya, lakini mama mwenye kiharusi anapanda basi kuvuka mpaka ili kichwa chake kitazamwe. Wengine wamesahau. Sisi hatujasahau.

Aliyemsindikiza ni shemeji yake, Ndalahwa, mdogo wa marehemu mumewe. Kazi ya Ndalahwa ilikuwa kuwakagulia wanunuzi sangara. Anapasua, anainua nyama kwenye mwanga, ikiwa nyeusi katikati anatupa. Hakuna aliyemzidi kwa kazi hiyo. Basi alipokabidhiwa picha hakumngoja daktari wa kuisoma. Gari lilikuwa linaondoka, na macho si anayo? Alipofika Kirumba akaiinua juani mbele ya ukoo, vilevile anavyoinua mnofu. Katikati ya ubongo pakaonekana madoa mawili meusi, yamekaa kama mapacha.

"Shemeji ameoza ndani," akasema taratibu. "Hapa hakuna cha kuokoa."

Hakuwa mtu mbaya. Alilia. Lakini ukoo ukakata shauri: Teodora avushwe na kivuko kwenda Sengerema akalale angojee siku yake, na miamba apewe wakala. Mwenyewe alikuwa ameketi palepale mkekani, anawasikia wakimgawa. Akasema "hii, hii" mpaka mate yakamtoka. Wao wakadhani anaaga.

Mdogo wa Teodora, Getruda, akauliza swali moja tu: daktari alisemaje? Akaikwapua picha, akambeba dada yake, wakaenda hospitalini kwa daktari Truphosa, mwanamke wa kandokando ya ziwa huko Mara, aliyesomea magonjwa ya ubongo.

Daktari akaibandika picha kwenye kisanduku cha taa. Hakuzungumza na Getruda. Alizungumza na Teodora.

"Mama, haya meusi mawili ni vidimbwi vya maji. Kila binadamu anavyo. Mimi ninavyo, na shemeji yako anavyo." Kidole chake kikasogea pembeni, kwenye kivuli hafifu, kidogo. "Ugonjwa uko hapa. Mshipa uliziba, kipande hiki kikakosa damu kikafa. Kimekula sehemu ya maneno. Lakini njia inayoshuka mpaka mkononi na mguuni imeguswa ukingoni tu, haijakatika. Picha haiapi, mama. Ila kwa ninavyoiona, utatembea. Mkono utarudi. Maneno yatakuja mwisho, na hayatarudi yote. Ukienda kulala Sengerema, utanifanya mwongo."

Teodora akacheka nusu mdomo. "Hii," akasema.

Kazi ikaanza. Getruda akapiga marufuku mtu kumgeuzia dada yake dagaa. Mkono wa kulia ndio utakaogeuza, hata kama ni mmoja mmoja. Wenzake wakamtania: mwenzetu, kwa mwendo huo dagaa watazaliana wakikungoja. Teodora akanuna. Akaokota dagaa, akamrushia msemaji, akampata usoni. Kwa mkono wa kulia! Vigelegele vikasikika mpaka uwanja wa mpira.

Mguu nao ukaja, ukiburuta. Maneno bado.

Siku wakala alipofika na mafundi wa uzio, Ndalahwa alikuwa naye, maana ndiye aliyetoa ahadi ya ukoo. Nguzo ya kwanza ikasimikwa. Teodora akaja kwa miguu yake mwenyewe, hakushikwa na mtu, akapanda juu ya jiwe lake. Akafungua mdomo. Akautafuta usemi hadi jasho likamtoka. Watu wakangoja.

"Sijaoza," akasema.

Akamgeukia wakala, akanyoosha kidole cha mkono wa kulia kwenye nguzo. "Ng'oa."

Wakala akamtazama Ndalahwa. Ndalahwa akaikumbatia nguzo, akaing'oa yeye mwenyewe.

Jumamosi, makaburini, Ndalahwa alituambia hivi: "Nilijua samaki, nikadhani najua na mtu. Toka siku ile kila akiniona alikuwa ananiuliza, 'Shemeji, vidimbwi vyako havijambo?'"

Wasikilizaji wapendwa, Teodora alisema aliyoweza kusema miaka mitatu zaidi, na miamba haikuchukuliwa. Picha ilisema kweli, ilipopata msomaji. Pole sana Getruda. Pole Ndalahwa. Poleni wanawake wote wa Mwaloni.

Nanyi mnaotusikiliza, nendeni mkatazame chumba cha nyuma nyumbani kwenu. Nani amelazwa humo kwa sababu mtu mmoja alimtazama haraka akasema kwisha? Mtoeni nje. Upeni mkono wake kazi.

Leo asubuhi miamba ya Teodora imejaa dagaa. Getruda anawageuza, na hajakubali mtu amsaidie.